Kioo Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 16 Juni 2025

Mzunguko wa tano leo. Kioo namba 31 kimetoka salama, nyama iliyo juu yake haijabanduka hata ukingoni. Kipande cha umio wa mtu, kidogo kuliko punje ya mchele, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Unakipaka rangi tatu zinazong'aa, unapiga picha kwenye darubini, unazifuta, unapaka nyingine tatu. Mara nane! Kipande kilekile.

Seli za ulinzi zimejipanga pembeni mwa saratani. Haziingii. Zimesimama tu. Kati ya vioo arobaini, hiki peke yake. Rangi itakayonipa jibu iko mzunguko wa nane. Mchana kutwa nimeshindwa kukaa kitako.

Jumanne, 17 Juni

Manyunyu. Meru hauonekani. Mafundi wa hapa Sakina wamegonga bati tangu alfajiri. Kazini umeme umekatika mara mbili — sikufanya kitu. Chai vikombe vitano.

Jumatano, 18 Juni

Amekuja Ndeshi, binti wa Mzee Sadoki wa Akheri. Mzee amefariki Jumapili. Wanazika Jumamosi saa nane, nyumbani, mgombani. Anaomba kipande cha baba yake.

Nikajifanya sielewi. Akanikumbusha, taratibu, bila ukali: siku ile ya kutoa kipande mzee aliuliza kama akikitaka kitarudi, nami nikamjibu, chako mzee, ukikitaka utapewa. Ni kweli nilisema hivyo. Foleni ilikuwa ndefu, nikataka atie sahihi haraka. Fomu inasema anaweza kujitoa kwenye utafiti tu. Hayo ya kurudishiwa niliyaongeza mwenyewe. Mzee amemwachia Ndeshi neno: asizikwe pungufu.

Nimefungua daftari. Ndiye 31. Nyama yake tulishaimaliza kuikata. Kimebaki kioo hicho kimoja.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemweleza Dk. Hedwiga, mkuu wa utafiti wetu. Anasema fomu haitufungi, ila mdomo ulioahidi ni wangu, na kama niliahidi nitoe. Halafu akauliza mizunguko imebaki mingapi. Mitatu. Kisha akauliza Jumamosi wanazika saa ngapi. Anataka na hataki, kama mimi.

Nimefanya wa sita.

Ijumaa, 20 Juni

Wa saba umekamilika. Picha nzuri mno. Bado zimesimama pale pembeni, na bado sijui kwa nini.

Leo nimefanya jambo la aibu. Nimechukua kioo kitupu, nikakifunika vizuri, nikaandika 31. Kipande kikishafutwa rangi hakionekani kwa macho. Nani angejua? Ahadi ni deni, tuliimbishwa shuleni. Nilijiambia ni cha tahadhari tu. Tahadhari ya nini, Sabina?

Jumamosi, 21 Juni

Saa mbili. Nimekiweka kioo cha mzee kwenye maji ya chumvi. Kifuniko lazima kidondoke chenyewe ndipo nipake rangi za mwisho. Ukikivuta, kinaondoka na nyama yote.

Saa tatu na nusu. Hakijadondoka. Ndeshi ameshafika. Nilimwambia saa tano, akawahi. Yuko kwenye benchi la korido, ameshika leso nyeupe ya baba yake, imepigwa pasi. Kaburi limeshachimbwa, anasema. Nimemwambia kioo hakijawa tayari. Uongo. Ningeweza kukitoa majini na kumpa dakika ileile.

Saa nne na robo. Bado. Mzunguko mmoja huchukua saa nne nzima, na hauanzi mpaka kifuniko kidondoke; hautakwisha kabla ya saa nane ya maziko. Naijua hesabu hiyo tangu jana na sikutaka kuiandika: nikiumaliza huu, mzee atazikwa na kioo kitupu. Ninaandika ili mkono usikae bure, maana ukikaa bure utakivuta kifuniko.

Kifuniko kimetikisika. Upande mmoja.

Ndeshi ameingia. Kasema samahani dada, huko korido baridi imemzidi. Nimempa kiti. Ameangalia kioo cha majini, ameangalia kile kitupu hapa mezani, kando ya kiwiko changu. Ameuliza mbona viko viwili, na vyote vimeandikwa thelathini na moja.

Anasubiri. Naandika kama vile ni kazi.