Mashine Iliyokatalia Bendera

Kalemie, Jumapili

Kwako Yaya Huguette, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana katika Bwana. Mwaamkaje hapo Manono? Mutoto amepona malaria? Sisi huku tunapumua, ila moyo wangu hautulii, njo maana nakuandikia.

Unajua kazi yangu hapa biro, ofisini kwetu: kulinda mashine kubwa ya kompyuta ya kituo cha damu, inayotunza majina ya watu wanaojitolea damu. Juma lililopita niliona mashine zisizojulikana zikijaribu kuingia kila saa. Nikaogopa. Katika faili ya kukataza nikaandika kwamba yeyote anayekuja akataliwe, kisha katika faili ya kuruhusu nikaweka namba za anwani za mashine za vituo vyetu tu.

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Florentine, muuguzi wa kituo chetu cha kule Bendera, akapiga simu. Alisema muke mumoja, Chérie, amezaa na damu haisimami. Florentine anatafuta majina ya watu wa kule wenye damu ya aina ya Chérie, lakini mashine inamukataa kabla hata ya kumuuliza neno la siri. Nilikagua waya, nikakagua ukuta wa ulinzi wa mutandao, vyote vizima. Nikafungua kumbukumbu za mashine: imekataa anwani inayoishia 41. Katika faili yangu niliandika 14. Nikasahihisha, Florentine akaingia. Dakika arobaini zilikuwa zimepita.

Chérie yu hai, ila hawezi bado kusimama. Mukurugenzi aliuliza nani aligusa mashine. Mwenzangu Bertin alikuwa ametengeneza ule ukuta juma lile lile. Akaambiwa abaki nyumbani. Alipotoka aliniambia tu, "Laurette, uangalie vizuri zile kumbukumbu."

Yaya, sijamwambia muntu haya. Simu ilipolia tu, nilijua ni faili yangu; waya na ukuta nilikagua kwa kujifanya tu. Na majina yale yalikuwa mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta; ningemusomea Florentine kwa simu, dakika mbili tu. Sikusoma. Niliogopa ataniuliza kwa nini mashine imemukataa, nikataka kwanza nifute kosa bila kuonekana. Kila alipopiga tena, nyuma ya sauti yake nilisikia yule muke akiita mama yake, na bado nikasema asubiri kidogo.

Kesho asubuhi napita kwao Bertin, twende pamoja kwa mukurugenzi. Nimemutumia ujumbe, hajajibu. Halafu nitapanda kwenda Bendera, na huko njo naogopa zaidi. Florentine amemwambia Chérie kwamba mimi njo nilimufungulia mashine. Mutoto wao wamemwita Laurette.

Uniombee, Yaya. Msalimie shemeji, na watoto uwashike mikono kwa niaba yangu.

Mudogo wako,
Laurette