Goti Mbele ya Sanduku la Bati

Ujerumani, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona? Na huko Sikonge mvua zimeanza, au bado mnatazama mawingu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Tunatengeneza vioo vya kunyonya mwanga wa jua, ndugu wa ile sola iliyo paani kwako. Vilivyozoeleka vya aina hii vina madini ya risasi, nayo ni sumu. Sisi tunajaribu kuweka bati mahali pake. Lakini chumvi ya bati ikipata hewa tu inaharibika, hivyo tunafanyia kazi ndani ya sanduku lisiloingiza hewa, mikono ndani ya glavu ndefu zilizounganishwa na ukuta wake. Kioo kinazunguka, nami nadondosha dawa katika sekunde yake kamili. Nikichelewa, kinatoka na madoa.

Jumanne Profesa aliingia. Ni mzee wa mvi, Mama. Kabla sijafikiri nilishachomoa mikono, nikapiga goti kama ulivyonifundisha. Akacheka, akanipa mkono. Niliporudi kwenye glavu, sekunde ya dawa ilikuwa imepita.

Dada ninayemsaidia, jina lake Hana, mwanafunzi wa Profesa aliyebuni mchanganyiko wetu wa bati, alikitazama kioo kile chenye madoa bila kujua kwamba nilichelewa. "Basi, bati limenishinda. Ijumaa namwambia Profesa narudi kwenye risasi."

Miaka miwili ya kazi yake! Nami mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nikaogopa kumwambia kosa ni langu. Alhamisi nikamfungulia shajara yangu ya kazi, nikamsomea: Jumanne, saa nne asubuhi, nimetoa mikono kumsalimia mzee.

"Kalunde! Ulipiga goti kioo kikizunguka?"

"Ni mzee, dada."

"Ningekutia wewe humo sandukuni!" Kisha akavuta kiti. "Haya, tuanze upya."

Ijumaa tukarudia, Profesa amesimama nyuma yetu. Nilimwitikia salamu bila kugeuka, mgongo nimempa. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Kioo kikatoka cheusi kama kinavyotakiwa, hakina doa, Hana akalia.

Ndipo nikageuka, nikapiga goti sawasawa, nikamweleza Profesa kosa langu. Alisema litaandikwa kwenye faili langu, na mkataba wataujadili wiki ijayo. Naona ni haki. Hana hatarudi kwenye risasi.

Nisalimie baba na mizinga yake ya nyuki, mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya.

Ni mimi mwanao,
Kalunde