Barua ya Umurerwa mu Indésirables

Siku ya kwanza, 3 Novemba

Asubuhi message 61. Karibu zote za wezi — urithi wa jenerali, dawa ya sukari, loterie yenye sijacheza. Nilifinya «Indésirable», ni kusema taka, mpaka kidole kikachoka.

Saa sita Papa Gatera, président wa umoja wetu wa wafugaji, akaingia na kasirani. Muteja mumoja wa Goma amemupigia telefone: aliomba fromage, jibini yetu, mara mbili kwa mail, hatukumujibu. Nikaapa kama hakuna kitu ilifika. Niliapa!

Siku ya pili, 4 Novemba

Nilifungua dossier ya Indésirables, mahali mashine inatupa zile za taka. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa Mushaki, na ni miaka mbili. Message 412 ndani. Zile za muteja wa Goma ziko pale, zote mbili. Aibu.

Nilimupigia Sebarenzi, technicien wa Sake, mwenye alituwekea hii ordinateur, kompyuta ya umoja. Akasema nifinye «Acceptable» ku kila message nzuri, niandike adresse za wateja mu carnet, ile kitabu ya adresse ya mashine, nisome zote moja moja mbele ya kufuta. Akauliza kama programu inafuta yenyewe. Nikaangalia: ndiyo, kisha siku makumi tatu. Nikaondoa ile alama, isifute tena.

Connexion ikakatika saa nane. Nimefikia 150.

Siku ya tatu, 5 Novemba

Ni message ya 233. Ya tarehe 17 Octobre. Adresse siijue, kichwa yake «URGENT MAMAN». Naiandika hapa jinsi iko:

«Niliona adresse yenu ku étiquette ya fromage, hapa soko ya Hombo. Mimi ni Umurerwa, mutoto wa Kanyange wa Mushaki, mwenye kuuzisha maziwa. Hii ni mara ya tatu naandika. Kama mama iko muzima mumuambie niko kwa Mama Colette, mwenye kuuzisha mafuta ya mawese. Sina telefone, naazima ya jirani. Kama mwezi inaisha bila jibu, nitajua mama hayuko tena.»

Mama Kanyange! Kila asubuhi anatuletea bidon yake ya maziwa. Walipotezana na binti yake mu kukimbia vita, miaka tatu sasa. Aliuliza mu kambi zote, kisha akaacha kuuliza.

Mara ya tatu. Na zile mbili za kwanza? Nilitafuta kila mahali. Hakuna.

Sebarenzi alifika na pikipiki yake kisha ya saa saba. Nilimulaumu, nikasema programu yake ni mubaya. Hakukasirika. Alikaa, akaangalia, akanionyesha.

— Mashine haikukosea, dada Euphrasie. Ilijifunza kwako. Ile ya kwanza, wewe njo uliiambia kama ni ya mwizi. Zingine ilizitupa yenyewe.

Hapo nikakumbuka. Septemba. Message yenye kusema natafuta mama yangu, urgent. Sikuimaliza. Nilimuita Francine, mwenye kutengeneza fromage, nikamuambia wezi sasa wanatafuta mpaka wamama. Tulicheka. Nikafinya.

Tulicheka sana.

Siku ya ine, 6 Novemba

Nilijibu jana ileile. Mama yako iko muzima, ngoja pale, tunakuja. Niliandika muzima mara mbili.

Asubuhi Mama Kanyange akaleta maziwa. Nilipima, nikaandika litre saba. Akauliza juu ya nini macho yangu iko nyekundu. Nikasema moshi. Ningemuambia nini? Nilitaka kwanza jibu, nimupe furaha yenye imetimia. Njo vile nilijidanganya.

Jibu ikafika saa tano. Ni ya jirani mwenyewe, mwenye telefone. Anasema Umurerwa alitoka Hombo siku ya posho, ni kusema jumamosi, tarehe moja, na lori ya Kisangani. Mama Colette alimukataza, hakusikia. Mbele ya kwenda aliomba misa ya wafu, juu ya mama yake. Alilia siku mbili. Namba ya kumupata, hakuna mwenye iko nayo.

Alienda siku ine tu mbele nisome barua yake. Kama ningefungua ile dossier wiki moja mbele!

Niliomba jirani aulize mashofere wenye kurudi. Amekubali. Hajaandika tena.

Siku ya tano, 7 Novemba

Nilimueleza Papa Gatera yote. Alifunga mulango kwanza. Kisha akasema Mama Kanyange aambiwe leo, ila nimuambie barua imefika jana. Juu ya nini kumuongezea maumivu, na wafugaji wengine watasema nini juu ya umoja? Hakusema kwa ubaya.

Saa mbili Mama Kanyange akafika. Nilimukalisha ku kiti yangu, nikamusomea barua yote ku karatasi yenye nilichapisha. Sikusoma vizuri. Alipanua mikono yake miwili juu ya meza kama muntu mwenye anaogopa kuanguka. Akaomba nirudilie. Nikarudilia. Ku jina ya Mama Colette akacheka, machozi inashuka, akasema basi mutoto alipata muntu wa kumuchunga.

Nikamuambia pia ya Kisangani. Na ya misa.

Hakulia kwa sauti. Alichukua karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. Hajue kusoma. Akaweka kidole pale juu, ku namba za tarehe.

— Euphrasie, mutoto wangu. Hii iliandikwa siku gani?

Papa Gatera alikuwa amesimama ku mulango. Hakuniangalia.

Nikasema ngoja kidogo, Mama, naenda kutafuta lunettes zangu za kusomea. Niko mu chumba ya fromage, naandika hii juu ya magoti. Francine ananiangalia. Nasikia kiti yangu inalia kule, bado amekaa, bado anangoja.

Lunettes iko ku macho yangu.