Ngurumo Hajavuka Mpaka

Kaka Yusufu,

Tulikuzika Jumatano ya wiki jana, na Jumamosi yake watu wa Remera wakakungoja kwenye jukwaa la baa. Hawajui. Sisi tulimzika fundi cherehani wa mtaa wetu wa Biryogo aliyeuawa na malaria. Wao wanamtaka Ngurumo, mwimbaji wa roki ambaye hawajawahi kuuona uso wake. Kile kinyago chako cha ngozi nilikishona mimi, na siri tuliijua mimi na wapiga gitaa wako tu. Mama alidhani kila Jumamosi alasiri unakwenda kushona sare za shule. Ulikuwa mwongo mtamu wewe!

Siku hizi ni mbaya, kaka. Kijana akikosekana kidogo, wanasema amevuka mpaka kujiunga na waasi wa Inkotanyi. Sasa wanakusema wewe. Juzi askari walimbana Silasi, mpiga besi wako: "Ngurumo iko wapi? Alienda kwa Inkotanyi?" Silasi akajibu umekufa. Wakamcheka. Mtu asiye na uso, nani aliyemwona maiti? Wakampiga, wakasema Jumamosi hii Ngurumo asipotokea jukwaani watawachukua wapigaji wenzako wote.

Alinijia jicho limevimba, akanisihi nivae kinyago niimbe badala yako, eti sauti zetu zinafanana. Nilikivaa. Ndani bado kinanuka jasho lako na karafuu ulizokuwa ukitafuna. Nikashindwa kupumua, nikalia mpaka Silasi akanivua mwenyewe. Siwezi, Yusufu. Na nikiweza kesho, Jumamosi nyingine je?

Basi leo asubuhi nilimwambia Mama yote. Nilidhani atanilaani, maana roki kwake ni kelele za shetani. Badala yake akauliza kama watu walikuwa wanakupenda. Nikamwambia walikuwa wanajaa mpaka barabarani. Akalia. Halafu akajifunga mtandio vizuri.

"Kesho tunaenda wote," akasema. "Hakuna mama anasingizia mtoto wake kifo. Mimi watanisadiki."

Arobaini yako haijafika, na yeye hajawahi kukanyaga baa. Kesho atasimama pale ulipokuwa ukisimama, mbele ya wale askari, awatajie jina lako na la baba.

Ninaogopa, kaka, naogopa sana. Pumzika, Mungu akurehemu. Nitamshika mkono Mama, na sauti ikimkatika, nakuahidi, jina lako nitalimalizia mimi.

Dada yako,
Zaina