Nusu ya Roko

Dana,

Binti yangu Atieno ametema mate sasa hivi kwenye mche wa papai hapa mlangoni mwa maabara. Si utundu. Ameinama, mikono nyuma, akatema kidogo tu, vile wewe bibi yangu ulikuwa unautemea baraka mzizi wa ule mti wa dawa, roko, kabla ya kuukata. Hajawahi kukuona. Nimejiuliza ametoa wapi, halafu nikakumbuka mimi humfanyia hivyo kwa paji la uso kila asubuhi.

Ndio nimeketi nikuandikie, nikingoja majibu ya mti wako.

Unakumbuka ule roko nyuma ya boma, Rusinga, wenye miiba kama chuchu za mbwa? Watu walikuja kwako wakiumwa kifua, ukachimba mzizi upande mmoja tu, ukiuambia mti, "Tunakuomba nusu, nusu ubaki nayo." Halafu unafukia shimo, unalikanyaga, eti likibaki wazi mgonjwa hatapona. Mimi ulinipa kipande nitafune, ulimi ukafa ganzi, ukanicheka nikiongea kama mlevi.

Tulipokuzika, watu walichimba pande zote. Wengine walitoka Sindo na magunia. Hakuna aliyefukia. Nilipopata hii kazi ya Mbita, kuosha chupa kwanza, baadaye kukata vipande vya mimea, mti ulikuwa umebaki na tawi moja bichi. Nikamwambia mkubwa wetu, Madam, tukaenda tukalichukua.

Sasa roko wako anaishi kwa chupa, juu ya chakula kama uji ulioganda. Madam anasema roko akitoa mizizi humo, tutaizidisha kwa maji yenye chakula, dawa itolewe humo, na hakuna mtu atashika jembe tena. Ila uchafu kidogo tu, ukungu unaingia. Siku ya kwanza niliinama niteme. Madam akanishika bega. "Mama Atieno, hapa hata baraka iko na bakteria." Tulicheka. Halafu chupa zikaanza kuoza moja moja, tukaacha kucheka. Imebaki moja.

Kipande kilicho humo nilikikata mimi. Nilivaa barakoa, nikanong'ona ndani yake yale maneno yako ya nusu. Jana nimeona kitu cheupe kwa shina, chembamba kama uzi. Mzizi huanza mweupe. Ukungu pia. Kama pumzi yangu ilipita kando ya barakoa, basi mimi ndiye nimemaliza mti wako, na tawi lingine hakuna.

Madam ameingia kuangalia na darubini. Amekawia. Kama ni mzizi, Dana, siku moja tutaleta mche hapo nyumbani, niupande kwa lile shimo, nifukie mwenyewe, Atieno akanyage.

Ananiita. "Mama Atieno, kuja. Beba na mtoto aone."

Huyu Madam hajawahi kukubali mtoto apite huu mlango. Na mtu hamwiti mtoto aje aone ukungu. Dana, nadhani ni...