Darubini Juu ya Bunduki ya Baba

Jumanne, 1 Septemba 1987

Chama cha walenga shabaha kimepitisha jana: kuanzia mwaka huu, aliyevuka miaka hamsini na tano anaruhusiwa kufunga darubini kwenye bunduki. Ukumbi mzima ulinigeukia mimi. Adabu hakuna.

Lakini ni kweli. Nikiiona ncha ya mtutu, shabaha inageuka ukungu. Nikiiona shabaha, ncha imetoweka. Mwaka jana mzee Balz Zgraggen, anayekaa shimoni chini ya shabaha na kuinua kibao kuonyesha risasi ilipopiga, alikuwa akikipunga tu huku na huku. Maana yake: patupu. Alikipunga hadi nikauhurumia mkono wake.

Tatizo ni wosia wa Baba. Bunduki ile ya babu ni yangu mradi ipigwe kila vuli, na mradi hakuna aliyeitoboa, kuikata wala kuipiga tupa. Hakimu ni Shangazi Kreszenz. Kila mashindano ya vuli huipapasa kwa ukucha wa kidole gumba. Akikuta jeraha, inakwenda kwa Meinrad, mtoto wa marehemu baba mdogo, mwenye baa. Meinrad ameshapigilia ndoano mbili juu ya kaunta ya bia. Nimeziona. Amening'iniza aproni kwa muda.

Alhamisi, 3 Septemba

Kwa fundi bunduki, mjini Altdorf. Aliisifu dakika nzima, akaipangusa, akasema kazi ndogo sana hii, matundu mawili tu — akanyoosha mkono kuchukua keekee. Niliikumbatia bunduki nikatoka. Nadhani sikuaga.

Jumamosi, 5 Septemba

Wazo! Kilengeo cha nyuma, kile kipande cha kulengea jicho, hakikushikwa kwa skrubu. Kimepenyezwa tu kwenye mfuo uliochongwa kwenye mtutu tangu enzi za babu. Nikikitoa, mfuo unabaki mtupu, na kitako cha darubini kinaweza kukaa humohumo. Hakuna tundu jipya. Baba mwenyewe asingekuta pa kunishika.

Nyundo ya mbao, kipande cha shaba, tone la mafuta. Nikagonga asubuhi yote. Hakikutikisika hata unywele. Saa sita nikakumbuka Baba alivyokuwa akiniimbia utotoni: kinaingia kwa kulia, kinatokea kulia. Nilikuwa nakigonga kutoka kulia. Yaani tangu asubuhi nakikaza.

Nikahamia upande wa pili. Kikatoka kama jino la maziwa.

Mara mlango — Meinrad! Bunduki kitandani, blanketi juu. Amekuja kuniletea jibini, ati. Macho yanazunguka ukuta hadi ukuta. Akauliza nani amelala chumbani mchana huu. Nikamwambia mgeni. Akaondoka amefurahi sana. Kufikia jioni bonde zima litajua nina mwanamume, tena mwembamba.

Jumatano, 9 Septemba

Kitako cha shaba nimekichonga mwenyewe. Tupa imegusa shaba tu, siyo bunduki. Kimeingia mfuoni. Kwa kulia! Mbele, darubini inashikwa na pete inayouzunguka mtutu. Pete ni chuma, chuma kitakwaruza, kwa hiyo ndani nimetandika ngozi laini. Ngozi ilitoka wapi? Glavu ya kipaimara aliyonipa Shangazi. Moja tu. Ilikuwa inanibana tangu 1946.

Imekaa barabara, imenyooka. Nikarudi nyuma kuitazama, nikapiga hata mluzi.

Kisha nikajaribu kutia risasi. Bunduki hii hulishwa kwa juu, na hapo juu sasa pamelaliwa na darubini. Kidole hakipiti. Wiki nzima ya akili zangu, na sijaacha pa kupitisha kidole.

Nimejaribu kijiko, koleo, kalamu. Kinachofaa ni uma mrefu wa kuchovya mkate kwenye jibini la fondyu: natelezesha risasi, naisukuma kwa mgongo wa uma, inaingia. Nimechukua wenye mpini mwekundu.

Jumamosi, 12 Septemba

Mazoezi. Shangazi alikuwa kwenye benchi lake nje ya banda, anafuma kama kila Jumamosi. Haoni mbali kuliko sindano zake, namshukuru Mungu.

Kwanza nilichungulia tu, chemba wazi, tupu. Mita mia tatu, na naona misumari kwenye fremu ya shabaha! Na Balz, kabla hajashuka shimoni, alisimama, akavua kofia, akainama hadi kiunoni kuelekea kwetu. Ananidhihaki! Miaka yote hii, akijua hatumwoni.

Nikapiga kwa hasira. Doa jeusi la shabaha! Katikati!

Ila nilikuwa nimesogeza jicho mno. Darubini ilirudi nyuma ikanigonga. Nina duara kuzunguka jicho kama mhuri wa posta.

Jumapili, 13 Septemba

Baada ya misa Shangazi alinishika kidevu, akanisogeza hadi puani pake. Nani kakupiga, mwanangu. Nikasema kabati. Akasema kabati lenu ni la mviringo sana. Halafu akauliza kama ni yule mgeni mwembamba.

Jumapili, 20 Septemba

Naandika bandani, nikingoja.

Shangazi amefika na fimbo yake. Meinrad nyuma yake, na kamba ya kubebea bunduki begani. Ukucha ukaanza safari: kitako cha mti, chemba, mtutu, ubavu kwa ubavu. Ukasimama kwenye pete.

"Hii glavu naijua."

Nikasema ndiyo, Shangazi, ya kipaimara. Akauliza glavu ya pili iko wapi. Meinrad akainama, akataka kujua kama bunduki imejeruhiwa au haikujeruhiwa. Akajibiwa kuwa ukaguzi haujaisha. Shangazi anataka kuona kinachoonwa na hilo dude.

Wanaume wawili wakamlaza kwenye mkeka kama wanashusha kabati. Miaka themanini na sita. Nikafungua chemba, nikamwonyesha kila mtu kuwa ni tupu. Akaweka jicho. Nilijua anatazama nini, kwa sababu nilikiona hata kwa macho yangu haya: kijimtu cheusi kando ya shabaha, kimevua kofia, kimeinama.

"Agatha. Huyu Balz, hufanya hivi kila mwaka?"

Nikamwambia labda kila Jumamosi. Nilidhani ananidhihaki mimi.

"Akuinamie wewe? Wewe nani?" Sauti ilikuwa ya chini, karibu ya msichana. "Lete mto."

Nimeleta mto. Meinrad amekohoa, ameuliza tena habari ya majeraha. Shangazi hakutoa jicho kwenye darubini.

"Meinrad, nenda kauze bia."

Jina langu limeshaitwa mara mbili. Wapigaji wamepanga foleni hadi mlangoni na hakuna anayethubutu kumgusa. Balz hajashuka shimoni. Kofia bado iko mkononi. Shangazi ameagiza mto wa pili uletwe, nami nimeukalia usichukuliwe, maana amesema huenda akauhitaji.