Orodha Yangu ya Karatasi Moja

Mkahawa wa Mhunzi,
Vaugrisey,
Burgundi.

Tarehe 12 Desemba

Mpendwa Shangazi Mathilde,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kisiwani, Nouméa, wewe na Mzee Firmin, na kwamba lile goti lako limepungua uvimbe sasa joto limewaingilia. Je, binti yenu Colombe amekwisha kujifungua? Tuambie mapema, nipate kufuma kofia, ingawa kwa jua la huko sijui mtoto ataivaa lini.

Sisi huku hatujambo. Baridi imetukamata shingoni, bomba la uani limeganda, lakini mkahawa unafunguliwa kila siku na meko haijalala.

Shangazi, barua yako ya mwisho sikuijibu kwa sababu iliniudhi. Uliniandikia, “Mwanangu, weka chupa mbili tu za kaka yako kwenye orodha yako ya mvinyo, amani ipatikane.” Niliisoma nikaikunja. Sasa naijibu kwa furaha: sikuziweka, na nimeshinda.

Unajua Baba alivyogawa. Kaka Régis alipata mizabibu, ghala na mapipa. Mimi nikapata kabati la vyombo, eti msichana ataolewa. Sikuolewa. Niliosha masufuria Dijon, nikawapikia madereva wa malori, nikanunua karakana ya mhunzi ambayo hata paa lake lilikuwa nusu. Hakuna aliyenishika mkono. Halafu watu hao hao wanataka kunifundisha niuze mvinyo gani!

Unaikumbuka desturi ya hapa. Mwenye mkahawa sharti aweke kwenye orodha yake kila mkulima wa chama cha wenye mizabibu. Kumruka jirani ni kama kumpita njiani bila salamu. Mimi niliwaruka wengi, na niliyemruka kwanza ni ndugu yangu wa tumbo moja. Basi wakaacha kuja kula. Msimu wa baridi uliopita nilipika mchuzi nikaunywa mwenyewe.

Mwaka huu Régis ndiye mwenyekiti wa chama. Chakula cha mchana cha Januari cha Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wa wakulima wa mizabibu, wanachama wote na wageni wao, kilikuwa kiende ama kwangu ama kwa Lamblot mwenye Hoteli ya Mbweha. Kwangu kilikuwa ndio uhai. Bila wakulima kurudi mezani, nisingefika Pasaka. Régis akatangaza mbele ya watu, “Ambaye hana mvinyo wa nyumba yetu hana sherehe yetu.” Wengine wakanung’unika kwamba mwenyekiti anagombana na dadake kwa kofia ya chama. Ndipo walipokubaliana aitwe mtu wa nje apime orodha zote mbili, na atakachosema kifuatwe.

Akaja Bi. Vachey kutoka Beaune, mama mfupi wa nywele nyeupe, anayefundisha vijana kazi ya kuhudumia mvinyo. Alitoa sharti moja: mimi nikae mezani kwa Lamblot akipima, na Lamblot akae kwangu, asije mtu akasema ameonewa. Upande wa chama walikuja Régis na mzee Anselme, yule jirani yenu wa zamani mwenye masharubu.

Kwa Lamblot tuliletewa orodha yenye jalada la ngozi, nzito kama Biblia ya kanisani. Lamblot akasimama kifua mbele. “Kurasa arobaini na sita, Bibi. Chukua muda wako.”

Bi. Vachey hakuifungua kwenye chupa za fahari. Alitafuta ya bei ya chini kuliko zote. “Hii ndiyo anayoimudu mgeni asiye na kitu,” alisema. “Nataka kujua mnamheshimu kiasi gani.” Akaonja, akameza, akaiweka glasi kando. Mimi nilikuwa naujua mvinyo ule. Lamblot anaununua euro tisa, anauuza thelathini na sita. Yeye huzidisha kila kitu mara nne, hata maji.

Kisha Bi. Vachey akachagua chupa tatu kwa kidole. Ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ya pili ikaja na mwaka mwingine, si ule ulioandikwa. Ya tatu ikaja vuguvugu, maana rafu yake imepakana na jiko. Ilikuwa ya Kaka Régis hiyo, euro mia na ishirini. Bi. Vachey akaionja polepole, mara mbili, akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Régis alinyoosha shingo asome, hakuweza.

“Sasa niletee konokono,” akasema Bi. Vachey, “na unichagulie mvinyo mweupe wa kwenda nao.”

Lamblot akapekua. Akapekua tena. Ukurasa baada ya ukurasa ni mwekundu wa kilima hiki hiki, wa fulani, wa nduguye fulani, wa mkwewe fulani. Mweupe ulikuwa mmoja tu, nao bei yake ungedhani unauzwa pamoja na shamba.

“Bwana Lamblot,” akasema yule mama kwa upole, “hii si orodha ya mvinyo. Hili ni daftari la mahudhurio ya chama.”

Shangazi, niliuma kitambaa cha meza nisicheke.

Siku iliyofuata wakaja kwangu. Nikawapa karatasi yangu moja iliyoandikwa pande mbili. Lamblot akaigeuza mbele na nyuma. “Hii ni orodha au risiti?”

“Risiti yangu ni fupi pia,” nikamwambia. “Wateja wangu hawalalamiki.”

Bi. Vachey akaanza tena na ya chini, mweupe mwepesi wa euro ishirini na moja. Akauliza nimeununua kiasi gani. Nikamwambia tisa, bila kuficha. Akauliza kuhusu ile ya juu kabisa. Arobaini, nauza hamsini na mbili. Aliinua macho.

“Huzidishi?”

“Naongeza kumi na mbili juu ya kila chupa, iwe ya nani. Kuifungua ni kazi ile ile, glasi inaoshwa kwa maji yale yale. Kwa nini nimtoze mtu zaidi kwa sababu ana hamu ya kitu kizuri?”

“Utafilisika!” Lamblot akadakia.

“Nauza chupa kumi na tano za juu wewe ukiuza moja. Piga hesabu, Bwana Lamblot. Nitakungoja.”

Bi. Vachey akanyooshea kidole chupa tatu, kama alivyofanya kule. Zote zilikuja, mwaka ule ule ulioandikwa, baridi ya ghala la chini, si ya barafu. Konokono wakaja na mweupe wa kilima cha pili. Nyama iliyopikwa kwa mvinyo nikaipelekea mwekundu wa kusini, wa Beaujolais, na hapo mzee Anselme akapiga meza.

“Mvinyo wa watu wa kusini! Mezani petu! Marehemu baba yako anageuka huko aliko, Huguette!”

“Akigeuka atauona vizuri zaidi, mzee wangu. Onja kwanza.”

Alionja huku amekunja uso. Akafuta masharubu. Baadaye kidogo akaisukuma glasi yake kwangu bila kunitazama. “Ongeza. Nataka kuhakikisha kwamba ni mbaya.”

Sikusifiwa kwa kila kitu, nisikudanganye. Kuna mvinyo mmoja wa milima ya Jura, Bi. Vachey alisema bado mchanga, ungelala miaka mitatu zaidi. Nikabishana naye hadi nikakauka koo. Nimeutoa kwenye orodha tangu juzi, ila sitamwandikia kumwambia.

Kisha Bi. Vachey akaweka kalamu chini. “Nasikia kaka yako analima mizabibu. Mbona hayumo humu?”

Régis alikuwa amenikabili, mikono kifuani, anangoja nibabaike. Nikaikumbuka barua yako, Shangazi. Ningeweza kusema chupa zake ziko njiani, na mambo yakaisha kwa amani uliyoitaka.

“Ananidai thelathini kwa chupa,” nikasema. “Nikiongeza kumi na mbili zangu, mgeni atalipa arobaini na mbili anywe mbao. Mapipa yake mapya ni mengi mno, ladha ya mti imeifunika zabibu, haisikiki. Kwa arobaini na mbili nina mwingine ambao nikimmiminia mtu, naweza kumtazama machoni. Akitengeneza mvinyo wa namna hiyo, nitamweka. Akiwa adui yangu nitamweka vile vile.”

Régis akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. Bi. Vachey akaigeuza ile karatasi aliyoandika kwa Lamblot ili wote waione. Neno lilikuwa “mbao.”

“Orodha hupimwa pia kwa kilichoachwa nje,” akasema. Akaomba jibini.

Jumapili, baada ya misa, matokeo yalitangazwa. Na nani anayetangaza? Mwenyekiti! Kaka Régis alisimama kwenye ngazi za ofisi ya meya akayasoma kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa: sherehe ya Mtakatifu Vinsenti itafanyika Mkahawa wa Mhunzi. Anselme akapiga makofi kuliko wote. Nimekwisha kuandikisha wageni mia na themanini wa siku hiyo, na tangu Jumapili hiyo wakulima wamerudi, hata wale niliowaruka. Wanakuja kuchungulia nimemweka nani badala yao, na wakishaketi wanakula.

Sasa nikuambie la jana. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, Denise anayehudumia amekwenda zake, mlango ukafunguliwa akaingia Régis peke yake. Tangu nifungue, alikuwa hajawahi kukaa hapa kama mteja. Akaketi. Akachukua orodha, akaisoma yote, pande zote mbili, kisha akailaza mezani.

“Nichagulie wewe.”

Nilimchagulia. Alikunywa glasi nzima. Ya pili akainusa kwa muda mrefu, kama Baba alivyokuwa akifanya.

“Mapipa mapya yamezidi kiasi gani?” akauliza.

“Nusu.”

“Nusu! Unajua pipa moja ni bei gani, mdogo wangu?”

“Najua. Ndiyo maana nakwambia uache kuyanunua.”

Akacheka, Shangazi. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akalipa bei kamili. Sikumpunguzia hata senti, naye hakuomba.

Nisalimie Mzee Firmin, Colombe na mumewe, na yule jirani yako anayekuletea samaki. Anselme anasema hajakusahau, na mkewe asijue. Mungu akulinde, akupe Krismasi ya afya na mjukuu mwenye mapafu ya kulia vizuri. Kaka Régis naye anakusalimu. Hilo sijaliongeza mimi. Alirudi kutoka mlangoni kuniambia niliandike.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata ukimuudhi,

Huguette